Mchongaji wa Matisi aliyegeuza Mlima Elgon

Saa tatu asubuhi, katika mtaa wa Matisi mjini Kitale, Rosaline Nangila amepiga magoti mbele ya meza fupi yenye miguu mitatu. Mahali pa mguu wa nne pamewekwa matofali mawili. Mkononi ana kijiko cha chuma, na kwa mgongo wa kijiko hicho anasugua karatasi nyeupe taratibu, kama mama anayempaka mtoto mwenye mafua mafuta kifuani.

Chini ya karatasi kuna ubao uliochongwa na kupakwa wino mweusi. Mashine hakuna. Umeme upo, lakini kazi yake humu ndani ni redio tu.

Baada ya robo saa hivi, Nangila anashika pembe mbili za karatasi na kuiinua. Korongo watatu wenye taji wamesimama katika shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, mabua yamelala, ukungu umewafika magotini, na nyuma kabisa Mlima Elgon umejinyoosha upana wote wa karatasi. Rangi ni mbili tu, nyeusi na nyeupe, na bado unajikuta ukivuta sweta shingoni kwa baridi ya mahali usipokuwapo.

"Hii kazi nimefanya miaka mingi, lakini kila nikiinua karatasi roho inaruka," anasema Nangila, mwenye umri wa miaka 48. "Kile umechonga unakijua. Kile kitatokea, hapana."

Kutoka chumba cha ndani inasikika sauti ya ajuza. "Nangila, unakoroga nini na sisikii harufu ya moto?"

"Ni karatasi, Mayi," anajibu akicheka. Mayi ni mama kwa Kibukusu.

Mwenye sauti hiyo ni Lenah Nakhumicha, mamake Nangila, aliye na miaka 79 na ambaye macho yake yamezima. Leo ni Alhamisi. Jumamosi, mwanawe wa kiume, Wakoli, atakuja kumchukua na kumrudisha Sirisia, kaunti ya Bungoma, katika nyumba ambayo mchana kutwa haina mtu wa kumtazama. Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, na Nangila hana usingizi.

Amembembeleza mpaka amechoka. Sasa tumaini lake lote limeegemezwa ukutani: ubao mpana wa mvule, umefunikwa leso, na wino hauruhusiwi kuukaribia.

"Maneno nimemaliza," anasema. "Imebaki mbao."

Ili mtu aelewe kwa nini mchongaji wa picha za wino anaogopa wino kuugusa ubao wake, itabidi arudi nyuma kidogo, hadi kwenye kiwanda kidogo cha uchapishaji ambako Nangila aliajiriwa akiwa na miaka 19, katikati ya mji wa Kitale. Kilichapisha kadi za harusi, mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Kazi yake ilikuwa kufagia na kukunja karatasi.

Matangazo makubwa ya mikutano ya injili yalichapwa kwa herufi za mbao, kila moja ukubwa wa kiganja, zote zimechongwa kinyume. Mzee aliyezipanga aliitwa Ngige, sasa ni marehemu. Nangila anasema mzee huyo alisoma mstari mzima kinyume kwa kasi kuliko wengine wanavyosoma sawasawa.

Siku moja herufi J ilianguka ikapasuka. Tangazo lilihitaji neno Jumapili, na mchungaji mwenye tangazo alikuwa amekaa mlangoni akitazama saa. Nangila akachukua kipande cha mpera na kisu, akachonga J nzuri kabisa. Ikapakwa wino, ikagandamizwa, na mkia wake ukatokea umeelekea upande usio wake.

"Ngige alicheka mpaka akakaa chini," anakumbuka. "Akaniambia, 'Msichana, ubao unaangalia dunia kutoka nyuma. Ukitaka watu waone sawa, wewe zoea kuona vibaya.'"

Alizoea, tena kupita kiasi. Mwaka haukuisha kabla ya mkono wake kuanza kugeuza kila kitu bila kuuliza ruhusa: jina lake, ramani ya Kenya, hata uso wa mtu. Kompyuta zilipoingia na kiwanda kikafungwa, aliondoka na rola moja, makopo manne ya wino na mkono huo.

Visu vya kuchongea alijitengenezea kwa vyuma vya miavuli iliyovunjika, ambavyo tayari vina mfereji katikati. Alivinoa kwenye jiwe, akavitia mipini ya mpera, na akaanza kuchonga kile alichokuwa akikitazama tangu utotoni: mlima, mito yake, miti yake, mashamba yaliyo chini yake. Picha ndogo huiuza shilingi 800, kubwa 3,000. Kuna mwezi nyumba za wageni humnunulia kumi, na kuna mwezi hakuna anayebisha hodi.

Mbao huzipata kwa jirani yake Kipkemei, fundi wa milango, ambaye humpa mabaki. Kipkemei ni mzaliwa wa miteremko ya mlima, upande wa Kapsokwony, na si mtu wa kusifu ovyo.

"Mwanzo nilidhani huyu mama anaharibu mbao, bana," anasema akijipangusa vumbi la msumeno. "Alafu akanionyesha karatasi. Nikaona ile miti ya kwetu juu, ile iko na ndevu zikining'inia kwa matawi. Unajua mtu akichora miti, anachora tu miti. Hii ilikuwa ile yenyewe. Tangu hapo mabaki namwekea."

Kisha Kipkemei anarudi kwenye mlango anaoutengeneza.

Lenah, kwa upande wake, hajawahi kuona kazi ya bintiye vizuri. Nangila alipoanza kuchapa picha kubwa, presha ya macho ilikuwa imeshaanza kumla mama huyo kutoka pembeni, kidogo kidogo. Miaka minne iliyopita giza lilifika katikati.

Hata hivyo, huko Sirisia alitembea bila kushikwa mkono. Mlango wa nyumba yake unatazama mlima moja kwa moja, na kwa zaidi ya miaka hamsini aliufungua alfajiri na kuutazama Masaba, kama Wabukusu wanavyouita Elgon, ili ajue kama apande au asubiri. Macho yalipozima, mlima ulibaki mbele yake vilevile. Mkono wa kulia palikuwa na maawio ya jua na jiko. Mkono wa kushoto palikuwa na mto Lwakhakha, Uganda na machweo. Mgongoni palikuwa na barabara ya sokoni, alikouza nyanya maisha yake yote.

"Kwetu sikuwa kipofu," anasema Lenah. "Nilikuwa tu sioni."

Miezi mitatu iliyopita leso yake ilishika moto akijipasha joto jikoni. Majirani waliuzima, naye akaponea na jeraha la goti. Nangila alipanda gari siku hiyohiyo, akamleta Matisi.

Kumbe alimwokoa na moto akampoteza kwingine. Nyumba ya Nangila imebanwa na kuta za majirani na jua halifiki dirishani. Lenah hakujua mlima uko wapi, na kwa kutojua hilo hakujua chochote. Mwanamke aliyekuwa akienda kisimani peke yake akawa hatoki kitandani mpaka ashikwe. Aliacha kuimba nyimbo za kanisa. Alijigonga mlangoni mara mbili kwa siku moja, na baada ya hapo hakujaribu tena.

"Ukiwekwa mahali na hujui umeangalia wapi, hiyo ni kupotea ukiwa umekaa," anasema.

Nangila alihuzunika, na akafanya jambo pekee analolijua. Alichukua ubao wa saiprasi akachonga Masaba kama unavyoonekana kutoka mlango wa mamake: mabega ya mlima, mto, migomba, kijia cha kuteremka sokoni. Wiki mbili alichonga. Alipomaliza, kabla hata ya kupaka wino, alimwekea mamake ubao huo mapajani.

Vidole vya Lenah vilianza kutembea. Vilipopata mgongo wa mlima alitabasamu, na Nangila alihisi machozi yanakuja. Kisha vidole vikateremka, vikasita, vikarudi, vikasita tena. Kijibanzi cha saiprasi kilimchoma, lakini si hicho kilichomsimamisha.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Mto, Mayi. Lwakhakha."

"Lwakhakha iko mkono wa kulia?"

Mamake alipapasa tena, pole pole, kisha akausukuma ubao.

"Hii si mlima yangu," alisema. "Siku hizi jua linazama Kimilili, kule linachomoza? Hata wewe umesahau nyumbani." Jioni hiyo aliomba apigiwe Wakoli simu aje amchukue. Walikubaliana Jumamosi hii.

Nangila anasema hajawahi kuumia vile. Alijua hajasahau. Mto ule aliuogelea, na angeweza kuuchora usingizini. Kwa hasira aliupaka ubao wino kesho yake asubuhi, akalaza karatasi, akasugua, akainua. Na Lwakhakha ulikuwa pale pale unapostahili, mkono wa kushoto, upande wa machweo. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Alikaa chini, karatasi mkononi, mpaka akaelewa.

"Mkono wangu uligeuza bila kuniuliza," anasema. "Miaka karibu thelathini mimi nachongea karatasi. Mama hana haja na karatasi. Yeye anasoma mbao yenyewe, na mbao imeangalia nyuma. Nilicheka kama Ngige. Alafu nikalia, juu nilimpatia mtu amepotea ramani ya uongo."

Mwanafunzi wa siku ya kwanza asingekosea hivyo. Angechonga mto kushoto kwa kuwa uko kushoto, na ajuza angefurahi. Ilihitaji ustadi wa miaka mingi kulikosea jambo hilo, na ndiyo maana hadi leo Nangila akilisimulia hutikisa kichwa.

Ndipo akaufunua ubao wa mvule. Alikuwa ameuhifadhi miaka minne kwa ajili ya picha moja kubwa ambayo angeichapa mara hamsini na kuiuza. Mvule hautoi vijibanzi ukipigwa msasa vizuri, na ubao huo ni mpana kiasi cha kujaza mapaja ya mtu mzima. Akaamua kuuchonga sawasawa, mto kushoto, jiko kulia, jambo lililomaanisha kwamba hautamzalia picha hata moja ya kuuza.

Kipkemei alipouona hakuamini. "Nikamwambia, mama, hiyo mbao mtu anaweza lisha nyumba nayo," anasema. "Akaniambia ni ya mtu mmoja. Si hapo nikajua hakuna kubishana."

Kuchonga sawasawa kulimshinda mara ya kwanza. Kalamu ilipogusa ubao, mkono ulivuta mto kuelekea kulia. Aliufuta. Ukavuta tena. Mwishowe akapata njia: aliketi kwenye kigoda kama mamake anavyoketi mlangoni, akaupakata ubao, akafumba macho, na kuonyesha kwa kidole mahali pa kila kitu kabla ya kufumbua na kukata. Siku kumi na mbili alichonga hivyo, macho yakifungwa na kufunguliwa. Mamake alisikia kisu kikila mbao na hakuuliza kitu.

Leo saa nane mchana kazi imekwisha. Nangila amepitisha msasa wa mwisho, kisha kitambaa chenye mafuta ya kupikia, mpaka mvule umeng'aa. Anamtoa mamake chumbani, anamketisha, anamwekea ubao mapajani. Kipkemei amesimama mlangoni na penseli sikioni. Redio imezimwa.

Lenah anakaa kwanza na viganja juu ya ubao, havisogei. Kisha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinaondoka peke yake, kinatafuta, kinapata mfereji wa mto, na kinaufuata kutoka juu mpaka chini.

"Lwakhakha," anasema.

Nangila anapiga magoti kando yake.

Kutoka hapo hakuna anayemwongoza. Vidole vinavuka migomba, vinazunguka shamba la kahawa la jirani yake, Wepukhulu, vinagonga mwamba. "Hapa maji hutoka hata kiangazi. Umeikumbuka." Vinapanda. "Hapa miti inaanza. Hapa mimi sikuwahi kufika, babako ndiye alifika." Vinashuka upande wa kulia hadi kwenye duara dogo. "Jiko langu. Hiyo ilinichoma," anasema, na wote wanacheka pamoja kwa mara ya kwanza wiki hii.

Kutazama mikono hiyo ni jambo la kustaajabisha, na hakuna namna nyingine ya kulisema. Ukitazama uso wa Lenah utasema anaona. Mahali pengine vidole vinasimama, naye anageuza kichwa kidogo kana kwamba mtu amemwita kutoka ng'ambo ya shamba.

Kisha vinapata kijia cha kuteremka sokoni, vinakifuata hadi kwenye kona, vinatulia.

"Hapa," anasema.

"Hapo kuna nini, Mayi?"

"Hapa ndio nilikuzalia. Nikitoka soko, na kikapu tupu. Mwanamke wa huko alinifunika na leso yake."

Nangila amejua maisha yake yote kwamba jina lake hupewa msichana aliyezaliwa njiani. Njia ipi, kona ipi, hakuwahi kuuliza, na mamake hakuwahi kupata pa kumwonyesha. Aliichonga kona hiyo kwa sababu tu kijia kinapinda hapo. Sasa ameshika mdomo, machozi yanamtoka waziwazi, na Kipkemei ametazama nje.

Anachukua kisu chembamba kuliko vyote. Kidole cha mamake kikiwa bado pale, anatoboa tundu dogo mbele ya ukucha, ukubwa wa punje ya wimbi. Lenah analigusa na kuitikia kwa kichwa kwamba ndipo.

Halafu Lenah anainua uso.

"Na hapa," anauliza, "Masaba iko upande gani?"

Ndani ya miezi mitatu hajawahi kuuliza hilo. Nangila anamsimamisha, anamshika mabega, anamgeuza taratibu mpaka auelekee ukuta wenye kalenda. "Hapo, Mayi. Nyuma ya hii ukuta. Hapa kwetu jua linazama juu yake."

"Na Sirisia?"

Nangila anaushika mkono wa kushoto wa mamake na kuunyoosha. "Ukizunguka lile bega lake la kushoto, unafika."

Lenah anabaki amenyoosha mkono. Anahesabu kitu midomoni. "Kumbe kitanda kimeangalia kule kwingine," anasema. "Nimekuwa nikipea mlima mgongo usiku na mchana. Geuzeni hiyo kitanda."

Kipkemei anaingia bila kuvua viatu, na kwa dakika mbili kitanda kimegeuzwa. Lenah anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi mezani, mkono mmoja ukiwa mbele. Hajigongi. Hakuna anayemshika, ingawa Nangila yuko hatua moja nyuma, mikono tayari.

"Sasa nichongee huu upande," anaagiza akirudi kuketi. "Nataka kujua ikoje ukiwa huku."

Nangila ana mlima wa upande wa Kitale katika mbao zaidi ya arobaini. Zote zimechongwa kinyume, hakuna hata moja inayomfaa mamake. Itabidi aanze upya, na anasema hilo kwa furaha ya mtu aliyepewa kazi aliyokuwa akiiota. Mpango wake, mamake akikubali kubaki, ni kwamba Jumapili, wakitoka kanisani, atampeleka mamake kwa miguu hadi pale nyumba za Matisi zinapoishia na mashamba ya mahindi kuanza. Atamsimamisha akiwa ameelekea mlima, amweleze kila kilicho kushoto na kila kilicho kulia, ndipo achonge. Kipkemei ameahidi ubao mwingine wa mvule, na hataki kusikia habari za bei.

Kisha anataka kuchonga mbao nyingine za aina hiyo, kwa wazee wengine waliopoteza macho na kuhamishwa kutoka kwao. Anawajua watatu hapa Matisi pekee. "Kila mmoja aniambie mlango wake ulikuwa unaangalia nini," anasema.

Saa kumi simu inalia. Ni Wakoli, anayeendesha trekta la miwa huko Kabuchai, anataka kuthibitisha habari za Jumamosi. Nangila anamtazama mamake, anampa simu. Lenah anaishika kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado juu ya mvule.

"Papa, Jumamosi kuja tu," anamwambia mwanawe, akimwita baba kwa Kibukusu, kama mama anavyombembeleza mwana. "Lakini usilipe gari ya kunibeba. Niletee nguo zangu zile zilibaki, na kile kiti changu cha mlangoni."